Tulale Mtaa Gani Lilongwe? Historia ya Mitaa, Mipaka na Wageni





Familia za Dzaleka huuliza swali hili mara kwa mara, na huliuliza pia ndugu wanaokuja kuwatembelea kutoka Tanzania, Kenya, Burundi, na hata Ulaya na Marekani: Tukifika Lilongwe, tulale mtaa gani? Mmoja anampeleka mama hospitali, mwingine anafuatilia karatasi, na wa tatu ameteremka kwenye basi la Dar es Salaam usiku na hana mwenyeji. Wote wanataka mahali penye usalama, bei wanayoimudu, chakula wasichokitilia shaka, na adhana inayosikika.

Swali hili lina jibu la haraka, nalo tutalitoa mwishoni InshaAllah. Kwanza tunaomba msomaji atuvumilie kidogo tuangalie historia. Mitaa ya miji yetu haikujipanga yenyewe. Kuna watu walioamua nani akae wapi, na mara nyingi mtaa ambao leo msafiri Muislamu anajisikia yuko kwao ni mtaa ambao zamani watu waliwekwa bila kuulizwa. Asiyelijua hilo huchagua mtaa kwa bei tu. Anayelijua huelewa pia kwa nini jirani yake hana nafasi ya kuchagua.

WAGENI WA ZAMANI WALILALA WAPI?

Katika pwani yetu, mgeni wa zamani hakuchagua mtaa. Alichaguliwa na mwenyeji. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alipita pwani hii mwaka 1331 akifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Anaeleza kwamba chombo kilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walikifuata kwa mashua wakiwa na chakula, na kila mmoja alimshika mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji yule, na mwenyeji ndiye aliyemsaidia kuuza na kununua. Aliyezoea mji na kuwajua watu wake aliweza kulala apendapo. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, alipokewa na kadhi na kupewa malazi katika nyumba ya wanafunzi.

Desturi hiyo ya kuwa na mwenyeji ilisafiri na misafara hadi bara. Hapa Malawi, mji wa Nkhotakota ulioko ufukweni mwa ziwa ulikuwa kituo cha watu wa pwani tangu miaka ya 1840, pale Salim bin Abdallah alipojenga makao yake na kujulikana kwa cheo cha Jumbe. Dini, nguo, mpunga na lugha ya Kiswahili vilipita njia hiyo. Ni haki kusema pia kwamba pembe za ndovu na watumwa walipita njia hiyo hiyo, na wengi waliolala Nkhotakota walilala wakiwa na minyororo. Historia ya safari zetu ina pande mbili, na watoto wetu wafundishwe zote mbili.

UZUNGUNI, UHINDINI, USWAHILINI

Ulipokuja ukoloni, mambo yalibadilika. Mgeni hakuulizwa tena mwenyeji wake ni nani. Aliulizwa yeye ni kabila gani na rangi gani.

Mfano ulio wazi ni Dar es Salaam. Katika utawala wa Wajerumani na kisha wa Waingereza, mji uligawanywa kanda tatu, na wananchi wakazipa majina yanayojieleza: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni palikuwa na bustani na upepo wa bahari. Uhindini palikuwa na maduka, na wenye maduka wakilala ghorofani. Uswahilini palikuwa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Ndugu zetu waliotoka Burundi wanaijua hadithi hii kwa jina la Buyenzi. Wabelgiji waliwatengea Waswahili, yaani Waislamu na watu waliokuja na biashara, mtaa wao mjini Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wenye barabara zilizonyooka na kupewa namba. Waliotoka Rwanda wanaijua kwa jina la Biryogo, upande wa Nyamirambo mjini Kigali. Huko nako Waislamu waliwekwa kambi yao, mbali na wengine.

Lakini angalieni yaliyofuata. Mitaa hiyo iliyokusudiwa kuwatenga watu ikawa mitaa ya kuwapokea. Msafiri kutoka Uvira au Kigoma akifika Bujumbura, aliuliza njia ya Buyenzi kwa sababu alijua atasikia Kiswahili na atapata wali na msikiti. Vita vilipoigawa mitaa mingi ya Bujumbura kwa makabila katika miaka ya 1990, Buyenzi walibaki Wahutu na Watutsi pamoja. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Waislamu wengi wa Biryogo waliwaficha majirani zao. Mtaa uliochorwa na mtawala ulipata maana nyingine kwa matendo ya wakazi wake.

LILONGWE: MJI WA NAMBA

Tuje sasa Lilongwe. Mji huu ulianza kama boma dogo kando ya mto Lilongwe mwanzoni mwa karne ya 20. Kilimo cha tumbaku kilipokua kuanzia miaka ya 1920, wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao Waislamu, walifungua maduka wakinunua mazao na kuuza nguo, chumvi na mafuta. Hapa nako mpango ulikuwa ule ule wa Dar es Salaam. Wazungu walikuwa na upande wao, ambao leo unaitwa Area 3. Wahindi walikuwa na eneo lao la biashara, ambalo leo ni Area 2. Waafrika wakasogezwa pembeni.

Malawi ikapata uhuru tarehe 6 Julai 1964, na Rais Kamuzu Banda akataka makao makuu yahame kutoka Zomba yaje katikati ya nchi. Uingereza haikutaka kugharimia mpango huo. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ndiyo iliyotoa mkopo mwaka 1968, na wataalamu kutoka huko wakashiriki kuupanga mji. Makao makuu yakahamia rasmi mwaka 1975.

Mji mpya ulipangwa uwe wa bustani, wenye nafasi kubwa kati ya eneo moja na jingine. Kila eneo lilipewa namba, na namba hazifuatani kwa ujirani, kwa hiyo mgeni asidhani kwamba namba inayofuata ndiyo eneo jirani. Sheria za rangi hazikuwepo tena, lakini viwanja viligawanywa kwa kipato: vikubwa kwa wenye nacho, vidogo na vilivyobanana kwa wengine. Mtu wa kipato cha chini alijikuta akiishi mbali na kazi, akitembea mwendo mrefu kila asubuhi. Hadi leo mji una vitovu viwili: Old Town, yaani mji wa zamani wenye soko na stendi, na City Centre, yenye maofisa, mabenki na balozi. Katikati yake kuna mito na hifadhi ya msitu, na fisi wa Lilongwe si hadithi ya kuwatishia watoto. Wapo kweli, na usiku huingia mitaani.

Wahindi nao hawakupewa uhuru wa kuchagua. Katika miaka ya 1970, serikali ya Banda iliwaondoa wafanyabiashara wa Kiasia vijijini na katika miji midogo, ikawabana katika miji michache mikubwa ikiwemo Blantyre, Zomba na Lilongwe. Familia zilizokuwa na duka wilayani kwa vizazi viwili zilifunga milango zikahamia mjini. Kwa hiyo ukiona leo Area 2 imejaa maduka ya nguo na ya jumla yanayomilikiwa na Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, na msikiti unaojaa Ijumaa, ujue kwamba si biashara peke yake iliyowakusanya pale. Baadhi yao walisukumwa na amri.

Mji umekua kwa kasi kubwa. Katika sensa ya mwaka 1966 Lilongwe ilikuwa na watu takriban 19,000. Katika sensa ya mwaka 2018 walikaribia 990,000. Wengi wa waliokuja baadaye hawakusubiri kugawiwa viwanja. Walijenga wenyewe pembeni, kama Chinsapo na Mtandire, na kuupa mji sura ambayo haikuwemo katika ramani ya wataalamu.

DZALEKA: MTAA AMBAO HAUKUCHAGULIWA

Chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe, wilayani Dowa, kuna makazi ya Dzaleka. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi palikuwa gereza, ambapo utawala wa Banda uliwafungia wapinzani wake tangu miaka ya 1960. Jina lenyewe linaelezwa kuwa na maana ya mtu anayesema ataacha, hatarudia tena. Warundi na Wanyarwanda hawahitaji kutafsiriwa, kwani kwao kuacha ni kureka, na kwa Kichewa ni kuleka.

Gereza likafungwa, na mwaka 1994 mahali hapo pakafunguliwa kuwa kambi. Malawi ilikuwa imetoka kuwahifadhi wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya milioni moja, jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijawahi kulifanya, na ni wajibu kulishukuru. Waliokuja Dzaleka ni watu wa Rwanda, Burundi na Kongo, pamoja na Wasomali na Waethiopia. Kambi ilikusudiwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 12,000. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamepita 50,000, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya soko, ya nyumba na ya madrasa kwa wengi wao.

Sasa zingatieni majina ya sehemu za kambi hiyo. Kuna Kawale, kuna Likuni, kuna Blantyre, kuna Zomba. Kawale na Likuni ni majina ya vitongoji vya Lilongwe. Mtoto aliyezaliwa Dzaleka anaweza kusema kwa ukweli kwamba anaishi Kawale na shangazi yake yuko Blantyre, na asiwe amewahi kuuona mji wowote kati ya hiyo.

Sababu yake ni ya kisheria. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, mwezi Desemba 1987, iliweka masharti juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira na vya uhuru wa kutembea na kuchagua mahali pa kuishi. Ikafuata Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1989. Kwa hiyo msimamo wa serikali umekuwa kwamba mkimbizi akae kambini. Kwa muda mrefu msimamo huo haukukazwa sana, na familia nyingi zilihamia Lilongwe, zikafungua maduka na kusomesha watoto. Mwaka 2021 serikali iliamuru warudi, na mahakama ikasimamisha amri hiyo kwa muda. Mwezi Machi 2023 amri ikatolewa upya, ikiwapa hadi tarehe 15 Aprili. Mwezi Mei 2023 msako ukaanza mjini. Maduka yalifungwa, na watu wakiwemo watoto walishikwa, wengine wakipitishwa Gereza la Maula kabla ya kupelekwa Dzaleka.

Hatuandiki haya ili kumchochea yeyote. Serikali ilieleza sababu zake za kiusalama na za kiuchumi, na wako wananchi walioziunga mkono na wengine waliozipinga. Tunaandika kwa sababu familia inayouliza ilale mtaa gani Lilongwe haiulizi kama mtalii. Kwa mgeni mwenye pasipoti, kukosea mtaa ni kupoteza pesa kidogo na usingizi wa usiku mmoja. Kwa familia ya Dzaleka, kulala mjini bila kibali kunaweza kumaliza safari yao mikononi mwa polisi.

BASI TULALE WAPI?

Kwa kuzingatia historia hiyo, tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, aliye mkimbizi aanze na kibali. Masharti yamebadilika mara nyingi, kwa hiyo ulizeni ofisi za kambini kabla ya safari. Kilomita hizo ni chache, na aliyeondoka alfajiri anaweza kumaliza shughuli moja na kurudi kabla ya magharibi. Akumbuke tu kwamba minibasi haiondoki mpaka ijae, basi aache nafasi ya kusubiri.

Pili, anayefika kwa basi kutoka Tanzania atashukia Old Town, upande wa Area 2. Huko ndiko penye msikiti, maduka ya Waislamu, migahawa, soko kuu na usafiri wa kwenda kila upande. Kwa Muislamu mgeni pana faida kubwa. Lakini si kila nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi inafaa familia. Nyingine zina baa chini na kelele mpaka usiku wa manane, na kuna barabara hapo hapo ambayo watu wameipa jina la Devil Street. Ukifika mchana, sali kwanza, kisha waulize watu wa msikitini ni nyumba gani wanayomlaza mama yao akija mjini. Swali hilo hupata jibu la kweli kuliko kuuliza bei.

Tatu, Area 3 na maeneo jirani ni tulivu zaidi na si mbali na msikiti. Bei hupanda, lakini kwa watu wanne wanaochangia vyumba viwili huweza kuvumilika.

Nne, City Centre inamfaa mwenye shughuli za ubalozi au ofisi za serikali asubuhi na mapema. Jioni hupoa mapema na chakula cha bei nafuu hakipatikani kwa urahisi. Usiku mtu asitembee kwa miguu kati ya City Centre na Old Town.

Tano, anayemuuguza mtu katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, iliyoko kati ya vitovu hivyo viwili, aulize wodini mapema utaratibu wa wanaouguza wagonjwa na mahali wanapoweza kujihifadhi. Hospitali za Malawi hutegemea sana ndugu wa mgonjwa kwa kupika na kufua, na kulala mbali naye ni gharama ya nauli kila siku.

Sita, anayekuja kuwatembelea ndugu Dzaleka afikirie kama anahitaji kweli kulala Lilongwe. Uwanja wa ndege wa Kamuzu uko takriban kilomita 25 kaskazini mwa mji, upande ule ule wa kuelekea Dowa. Katika tamasha la Tumaini, linalofanyika Dzaleka tangu mwaka 2014, wageni wamekuwa wakilala katika nyumba za familia za wakimbizi. Mwenyeji hupata kipato kidogo, na mgeni huondoka amewajua watu. Watu ambao sheria haiwapi nafasi ya kuchagua mtaa wamegeuka kuwa wenyeji, kama Buyenzi, kama Biryogo.

WAJIBU WETU

Ndugu zetu, msafiri ametajwa miongoni mwa wale wanane wanaostahiki zaka katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Hakutajwa kwa sababu ni maskini kwao. Huenda ni tajiri, lakini njiani amekatikiwa. Watu wa Mogadishu walilijua hilo walipotoka na mashua kumpokea mgeni kabla hajauliza. Walilijua pia waliosimamisha nyumba ya wasafiri ya Saboo Siddik mjini Mumbai, karibu na soko la Crawford, ambamo mahujaji walipata pa kulala wakisubiri meli.

Sisi tulioko Lilongwe tunaweza kuanza kwa madogo. Msikiti unaweza kuwa na daftari la familia tatu au nne zinazoweza kumpokea mama na mtoto kwa usiku mmoja, wenye kibali chao mkononi. Mwenye duka Area 2, ambaye babu yake aliondolewa wilayani kwa amri, ndiye anayeweza kumwelewa zaidi mwenye duka wa Kirundi aliyeondolewa Lilongwe kwa amri. Wote wawili walisimama mlangoni na funguo mkononi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Waulizeni wazee wenu: mtaa waliozaliwa waliuchagua au waliwekwa? Nani aliamua?
2. Familia yetu ikipokea mgeni usiku, tunampa nini kwanza?
3. Chora ramani ya Dzaleka au ya mtaa wako, uandike majina ya sehemu zake na asili ya kila jina.

Tunamuomba Allah awasahilishie wasafiri njia zao, awape wagonjwa shifaa, na awajaalie wasio na makazi ya kudumu makazi mema hapa duniani na kesho akhera. Aamiin.